Kutoka Ruiru na Thika Kuwafuata Nyumbu wa Mara



Miaka mitatu iliyopita, katika darsa ya baada ya Alasiri hapa Mombasa, kijana mmoja aliniuliza juu ya watu wanaotoa fedha nyingi kwenda kutazama wanyama wa mwituni. Nilimjibu kwa mzaha kwamba anayependa kutazama wanyama na aende mnadani akatazame mbuzi, maana huko huenda akarudi na kitoweo. Watu walicheka, nami nikaona nimejibu. Agosti mwaka jana nilijikuta nimeketi ndani ya gari kando ya Mto Mara tangu saa tatu za asubuhi hadi saa kumi za jioni, nikiwangoja wanyama hao hao, na aliyenipeleka huko ni chama cha akina mama sita, wanne wa Ruiru na wawili wa Thika.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ameolewa Ruiru. Yeye na mama mkwe wake, wifi yake na jirani zao wana chama kama vyama vyote tunavyovijua: kila Jumapili hukutana, hunywa chai, na kila mmoja hutoa shilingi 300. Zamani walikuwa wakinunuliana sufuria na mazulia. Siku moja mmoja wao, mjane wa Thika aliyekwisha kupita umri wa miaka 60, aliwaambia kwamba sufuria alizonazo zinamtosha mpaka kaburini, na kwamba yeye fedha zake anazitaka aende akawaone nyumbu. Wenzake walidhani anatania. Alikuwa hatanii. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, akichukua ngano kutoka Narok, na kwa miaka mingi alikuwa akirudi nyumbani usiku na kumsimulia jinsi alivyozimwa njia na nyumbu waliokuwa wakivuka barabara, kundi lisilokwisha, mpaka akazima injini na kulala. Kila mara alimwambia, mwaka ujao nitakuchukua ukaone. Haukufika mwaka huo.

Basi wakaanza kuweka. Wiki 78 kwa shilingi 300, kila mmoja akawa na shilingi 23,400.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Mume wa mmoja wao alisema jambo lile ni israfu. Ndugu wa mwingine aliuliza, je, wanawake wanasafirije pasi na maharimu? Wote wawili walikubaliana kwamba aulizwe maalim wa Mombasa, nami nadhani walinitaja kwa kuwa habari ya mbuzi wa mnadani ilikuwa imewafikia.

Swali la maharimu si la kupuuzwa. Madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, yanamruhusu mwanamke kwenda hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu ikiwa hana maharimu. Lakini kwa safari isiyokuwa ya lazima, kauli inayotegemewa ni kwamba awe na mumewe au maharimu wake. Wapo wanavyuoni waliotazama zaidi usalama wa njia wakalegeza. Mimi sikuona haja ya kuwaingiza akina mama hawa katika khitilafu hiyo ilhali njia ya kuepukana nayo ilikuwapo. Tulikaa na kalamu tukahesabu. Mume wa shemeji yangu alikuwa tayari kwenda, naye ni maharimu wa mkewe, wa mamake na wa dadake. Mwanachama wa nne alikuwa na kijana wa miaka 19, na kijana huyo alimtosheleza mamake pamoja na mama yake mdogo wa Thika. Mjane wetu alikuwa na mtoto wa kaka yake aliyekubali kuomba ruhusa kiwandani. Kwa wanaume watatu tu, wanawake sita walikuwa wamekwisha kuhifadhiwa! Mke wangu alipoona hesabu imekaa vizuri hivyo, alisema kwamba na yeye ana maharimu, na kwamba maharimu huyo ana likizo ya madrasa mwezi wa Agosti.

Ama israfu, nilimwuliza yule mume maturubai ya harusi ya binti yake yaligharimu shilingi ngapi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tarehe ya safari.

Tulikuwa watu 14: wanawake saba, wanaume wanne na watoto watatu. Hilo ni kundi dogo, na baada ya kuyaona magari ya wengine nasema udogo huo ni neema. Tuligawanyika saba saba katika magari mawili yale yenye paa la kuinuka, kila mmoja akawa na dirisha lake.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja kwa familia zinazofikiria safari kama hii. Akina mama walikuwa wametanguliza shilingi 5,000 kila mmoja kwa wakala fulani aliyewaahidi mambo mazuri kwa mdomo. Wiki mbili kabla ya kuondoka akawaambia kwamba ada ya lango haimo katika bei, na malazi yamebadilika. Walipojitoa aliwarudishia shilingi 3,000 kwa kila mtu baada ya kuzungushwa sana, na zile 2,000 zikapotea. Hawakuwa na karatasi hata moja. Qur'ani imetuagiza tuandikiane tunapokopeshana, nasi twaisoma aya hiyo kila Ramadhani, aya ndefu kuliko zote, kisha twatoa fedha kwa kuaminiana kwa simu. Andikeni: bei, kilichomo ndani yake, jina la mahali pa kulala, na idadi ya watu katika gari.

Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, na shemeji yetu akatupokea Syokimau. Ruiru ya leo si ile niliyoiona nikiwa kijana. Wakati huo kulikuwa na mashamba ya kahawa yaliyotanda pande zote, na ndiko ilikozalishwa mbegu ile maarufu inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inastahimili ugonjwa wa chulebuni. Sasa mashamba mengi yamekuwa nyumba za ghorofa, na vijana wanaoishi humo hawajui kwamba wamelala juu ya mizizi ya mibuni.

Siku ya pili tulikwenda Thika kumchukua mjane, na kwa kuwa tulifika mapema mwenyeji wetu alitupeleka kutazama maporomoko ya mito ya Chania na Thika, pale ilipo hoteli ya zamani ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia, kwamba hatukuwa na haja ya kusafiri mbali kuwatafuta wanyama lau tungezaliwa mapema. Nyanda hizi za Ruiru, Juja na Thika zilikuwa zao. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili, akapanda gari la moshi mpaka uwanda wa Kapiti, na baadaye akawa mgeni katika shamba la Juja la tajiri aitwaye William Northrup McMillan. Huko aliwinda katika nyanda zilizojaa kongoni na punda milia, na viboko mtoni. Mizigo yake ilichukuliwa na mamia ya wapagazi, na wengi wa wapagazi wa misafara ya namna hiyo walikuwa watu wa pwani yetu. Yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa zaidi ya 500 katika safari ile nzima. Neno letu "safari", ambalo kwetu ni mwendo wa kwenda popote, kuzuru mgonjwa au kwenda Makka, ndipo lilipotiwa katika vinywa vya dunia likiwa na maana ya bunduki. Baadaye bunduki ikawa kamera, na hilo ni afadhali.

McMillan alizikwa katika mlima ule unaoonekana ukiwa Thika, Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wengi wanauita Kilimambogo. Jina hilo halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili. Mbogo wamo mpaka leo, maana mlima ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967. Lakini uwanda ulio chini yake umekuwa mananasi, viwanda, na viwanja vya kuuzwa vyenye vigingi vyekundu.

Na huko kusini zaidi, katika uwanda wa Athi na Kapiti, kulikuwa na uhamaji wa nyumbu wa pili kwa umaarufu nchini. Wakati wa kiangazi waliingia katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, na mvua ikinyesha walitoka kwa upande wa kusini usiokuwa na ua, wakaenda zao Kitengela na Kapiti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliwahesabu wakapata zaidi ya 25,000. Miaka thelathini hivi baadaye walikuwa chini ya 3,000. Hapakuwa na maradhi wala vita. Palikuwa na seng'enge, barabara, viwanda na nyumba, na kila mwenye kiwanja alitia ua wake kwa haki yake, mpaka njia ikakosekana. Nyumbu hawezi kukaa mahali pamoja. Majani yakikauka lazima aende, na asipopata pa kwenda hana hila nyingine.

Mzee mmoja tuliyeswali naye Adhuhuri katika msikiti wa Thika aliniambia kwamba mamake, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Juja, alizoea kuwafukuza punda milia kwa kupiga debe. Alisema hivyo kama mtu anayesimulia habari za jana.

Tuliondoka Ruiru baada ya swala ya Alfajiri. Wenyeji wetu hawakuwa wasafiri bado mpaka walipoyaacha majengo ya mji wao. Sisi wa Mombasa tulikuwa tumekusudia kukaa siku mbili tu Ruiru, kwa hiyo tulikuwa tukipunguza swala tangu tulipotoka nyumbani. Naeleza haya kwa sababu shemeji yangu aliniuliza mara tatu. Safari ya kutoka Ruiru mpaka Mara ni zaidi ya kilomita 200, na masafa ya kupunguza swala ni marhala mbili, kiasi cha kilomita 80 na kitu, basi hapana shaka yoyote.

Magari yalishuka bonde la ufa kwa njia ya Mai Mahiu, watoto wakashangaa kuona dunia imeinama. Vikapu vilifunguliwa: mahamri, viazi karai, chupa za chai ya tangawizi, na mananasi ya Thika yaliyokwisha kukatwa. Nyama tulichinja wenyewe Ruiru na kuigandisha, tukaitia katika sanduku la barafu, na kambi tuliyoichagua iliturushusu kutumia jiko letu. Narok tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya, tukanyoosha miguu, tukaendelea.

Kuanzia hapo mjane wetu alikaa kimya akitazama nje. Baada ya muda alimwuliza dereva, "Mwanangu, ni wapi hapa nyumbu huvuka barabara?" Dereva, mtu mzima mwenye adabu, alipunguza mwendo. Alimwambia, "Mama, walikuwa wakivuka huku. Nilipoanza kazi hii bado walikuwa wakivuka. Siku hizi hawafiki." Nje kulikuwa na mashamba ya ngano yaliyovunwa, na seng'enge, na nguzo za saruji. Nyumbu waliokuwa wakivuka hapo si wale wa Serengeti. Ni kundi jingine, la uwanda wa Loita, lililokuwa likiingia Mara kutoka upande wa mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 100,000. Uwanda wao wa kuzalia uligeuzwa mashamba makubwa ya ngano, na katika miaka ishirini tu haikubaki hata robo yao.

Na marehemu mumewe alikuwa akichukua ngano. Nadhani sote ndani ya gari tuliliona jambo hilo kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyelisema. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Kumbe alikuwa akinisimulia na huku anawabeba." Kisha akaomba kipande cha nanasi.

Kambi yetu ilikuwa karibu na mji mdogo wa Talek. Hema zilikuwa safi, baridi ilikuwa kali kuliko tulivyodhani. Mwenye kwenda na watoto na achukue mablanketi na sweta, asidanganywe na jua la mchana. Usiku tuliwasikia. Sauti ya nyumbu si mlio wa ng'ombe wala wa mbuzi, ni mguno wa puani, na wakiwa maelfu huwa kama vyura wa kisimani baada ya mvua. Mke wangu alisema haiwezekani mtu kulala, akalala.

Sasa niwaeleze wanyama hawa ni nani. Nyumbu wa Serengeti na Mara wanakisiwa kuwa zaidi ya milioni 1.2, na pamoja nao huenda punda milia wapatao 200,000 na swala kwa malaki. Kwao hakuna mpaka wa Kenya na Tanzania. Kati ya Januari na Machi huwa kusini mwa Serengeti, katika uwanda wenye majani mafupi yenye madini, na huko ndiko wanakozalia. Nusu milioni ya ndama huzaliwa katika muda wa wiki chache, na ndama husimama akakimbia kabla hata hujamaliza kunywa kikombe chako cha chai. Mvua ya masika ikiisha huelekea magharibi na kaskazini, na kuanzia Julai huanza kufika Mara, ambako mto una maji hata wakati wa ukame, kwa kuwa chimbuko lake ni msitu wa Mau. Oktoba au Novemba, mvua za vuli zikianza, hurudi kusini. Hawana kiongozi. Hufuata mvua na majani mabichi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu hawa hawakuzidi 300,000. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 ukaangamiza ng'ombe wa Wamasai na kuleta njaa kubwa, ulikuwa ukiwaua pia nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu wakapona bila hata mmoja wao kuguswa na sindano, na idadi yao ikapanda mara nne na zaidi. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha kabisa duniani. Uhamaji huu ambao watu huuona kama kitu cha tangu na tangu, ukubwa wake huu ni kazi ya madaktari wa mifugo.

Siku ya pili tulifika mtoni saa tatu. Upande wa pili wa mto, juu ya ukingo, walikuwa wamejaa, na vumbi limesimama juu yao. Upande wetu yalikuwa magari kama kumi. Dereva akatuambia: hapa hakuna saa, na hakuna kushuka. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mtu habanduki garini, na ni kanuni ya haki, maana simba nao huja kungoja.

Wakateremka mpaka majini, mmoja akanywa, wote wakakimbia kurudi juu. Nusu saa. Wakateremka tena. Punda milia akatangulia, akasita, wakarudi. Mara ya tatu, ya nne. Mamba walikuwa wamelala juu ya mchanga kama magogo. Adhuhuri iliingia, nikawaambia wenzangu tunaichelewesha, tutaikusanya na Alasiri tukirudi kambini. Saa saba akina mama walihitaji choo, ikabidi tuondoke kwenda mpaka kituo cha walinzi, na tuliporudi nafasi yetu ilikuwa imechukuliwa. Sasa magari yalikuwa zaidi ya arubaini. Tuliona migongo ya magari na viwiko vya watu.

Dereva alinigeukia. Alisema kuna upenyo chini kidogo, kwenye kona ya ukingo, tukiteremka hapo tutakuwa mbele ya wote. Watoto walipiga kelele za furaha. Nilifikiri juu ya wiki 78, na shilingi 300 za kila Jumapili, na mjane ambaye ni mfupi hata akisimama juu ya kiti. Nikasema, "Sogea kidogo."

Yeye ndiye aliyesema la. Aliniambia, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Maalim, si hapo ndipo watakapotokea? Nyumba ina mlango mmoja, nasi twende tukakae mlangoni?"

Nilitazama. Kweli, upenyo ule ulikuwa mtazamo mzuri kwa sababu ndiyo njia yao ya kupandia ukingo. Watu wengi hawajui kwamba nyumbu wakifika ng'ambo wakakuta njia imezibwa hurudi majini, au huparamia ukingo ulio wima, na wengi huanguka juu ya wenzao. Watafiti waliochunguza Mto Mara kwa miaka kadhaa walikisia kwamba nyumbu wapatao 6,250 hufa maji kila mwaka. Hiyo peke yake ni sehemu ya maisha ya mto; tumbusi na samaki hula, na mifupa huurutubisha mto kwa miaka. Lakini lile la gari langu kuziba mlango lingekuwa langu mimi. Nilimwambia dereva tubaki tulipo. Mpwa wa mke wangu, msichana wa miaka 14, alinikasirikia waziwazi, na kijana wa miaka 19 alitia vidude vya muziki masikioni. Sikuwalaumu.

Gari jingine liliteremka kwenye upenyo ule baada ya dakika chache. Kundi likarudi nyuma, likapotea juu ya kilima. Tulidhani yamekwisha. Magari kadhaa yakaondoka. Mlinzi wa hifadhi akaja, akaliamuru lile gari litoke.

Saa kumi kasorobo vumbi likarudi. Safari hii hawakusita. Aliruka mmoja, kisha kumi, kisha haukuweza kusema ni wangapi, ukingo wote ukawa unamwagika. Kutoka tulipokuwa tuliona sehemu ndogo tu: vichwa vikipita majini katikati ya magari mawili, pembe, maji meupe, na wale wa kwanza wakipanda kwenye upenyo wakiwa wanang'aa. Walipita kulia na kushoto kwa gari letu. Mtu angenyoosha mkono angewagusa, na harufu yao iliingia ndani kama harufu ya zizi. Ilichukua dakika kama ishirini.

Mjane wetu hakuona kuvuka. Nilijaribu kumpisha dirishani, akakataa, akafumba macho na kuegemea kiti. Baadaye mke wangu alimwuliza kama amesikitika. Alisema, "Yeye pia alikuwa akiwasikia tu. Ilikuwa usiku."

Walipokwisha kupita alibaki ndama mmoja upande wa pili. Alikuwa na rangi ya mchanga inayogeuka kijivu, wa miezi sita hivi, akienda juu na chini ukingoni na kuguna. Upande wetu nyumbu jike mmoja alikuwa amesimama akitazama majini. Msichana aliniuliza, "Baba mkubwa, huyo ni mamake?" Nilimwambia sijui. Dereva akaeleza kwamba jike humjua mwanawe kwa harufu na sauti, wala hamkubali wa mwingine, na mara nyingine hurudi kuvuka kumfuata. Tulikuwa na swala mbili mbele yetu, na lango linafungwa saa kumi na mbili. Msichana aliomba dakika tano, tukampa kumi. Jike aliingia majini mpaka magotini, akasimama. Tulipoondoka alikuwa bado amesimama hapo. Njia nzima mpaka Talek hakuna aliyezungumza ndani ya gari letu, isipokuwa kijana wa miaka 19, ambaye alivitoa vidude masikioni akauliza kama tunaweza kupita tena kesho asubuhi.

Tulipita, kwa kuwa njia haikuwa mbali sana. Hapakuwa na mtu wala mnyama, ila nyayo upande wote wa ukingo na tumbusi wawili juu ya mti. Msichana alizitazama nyayo kwa muda mrefu, akapiga picha moja.

Gharama yote ilikuwa shilingi 20,250 kwa kila mtu mzima, chakula na ada za lango zikiwemo. Kwa hiyo baada ya zile 2,000 za wakala, kila mwanachama alibakiwa na shilingi 1,150. Wiki mbili baada ya sisi kurudi Mombasa, mjane wa Thika alinipigia simu. Aliuliza je, mtu akitoa sadaka kwa nia ya mumewe aliyefariki, thawabu zake humfikia? Nikamwambia ndiyo, sadaka na dua humfikia maiti, na wanavyuoni hawana tofauti katika hilo. Akasema basi ameziacha zile 1,150 katika chama kwa jina la jirani yake asiyeweza kutoa shilingi 300 kwa wiki, mama wa watoto wanne, ambaye hajawahi kufika hata Kilimambogo. Ruiru wanabishana kama safari ijayo iwe huko, kwa kuwa ni karibu na ni nafuu, au warudi Mara. Msichana wa miaka 14 ameomba kujiunga, na kila Jumapili huleta shilingi 50.